Bunduki Nyuma ya Maharagi

Watu wa Kisangani, wazazi wenzangu, nanyi mnaosoma mkiwa mbali na mto wetu, haya ninayowaeleza yaliipata nyumba ya watu wema. Nasema wema kwa makusudi. Mtu akisikia habari ya bunduki, mawazo yake hukimbilia kwa majambazi. Majambazi wamo katika hadithi hii, lakini walifika mwisho. Waliowatangulia na kuwafungulia mlango ni watu wa kusali, watu wa kazi, majirani kama wewe na mimi.

Jumamosi ile baraza la depo ya Kavugho, ghala lake la kuuzia vyakula, lilikuwa limejaa vicheko. Kavugho, mwanamke wa Kinande mzaliwa wa Butembo, aliuza maharagi, viazi na vitunguu vilivyoshushwa na malori ya barabara ya Niania. Mtaani walimwita Mama Masika, kwa jina la bintiye wa kwanza. Upande mmoja wa baraza alikuwa amempa nafasi Yunus, fundi cherehani, mtu wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Kisangani tangu enzi za mababu. Nyumba zao ziligawana ukuta mmoja. Mke wa Yunus, Aziza, alikaanga mikate kila asubuhi, na mafuta yake yalipopata moto, hata mtoto mvivu aliamka bila kuitwa.

Siku hiyo Yunus alikuwa anampima Masika gauni la komunyo ya kwanza. Mtoto alitekenywa na futi kamba, akawa anajikunja huku na huku.

"Tulia, mutoto," Yunus akasema, "ama nitakushonea mukono moja murefu, ingine mufupi, na padri ataniuliza mimi."

"Papa Nadia, Muislamu anashona nguo ya komunyo!" Kavugho akamchokoza. "Imamu akisikia?"

"Imamu anavaa suruali niliyoshona mimi. Na padri pia. Mungu anajua mwenye alibashonea."

Aziza alicheka mpaka akaweka chini karai lake. Nadia, bintiye, alikuwa akimshikia Masika ncha ya kitambaa. Basi walikuwa hivyo, ndugu zangu, na kama hadithi ingeishia hapo nisingekuwa na haja ya kuisimulia.

Lori likasimama mbele ya depo. Kataliko, mume wa Kavugho, akashuka akiwa amefungwa kitambaa kichwani, na kitambaa kimekauka damu. Kwapani alibana mkeka uliokunjwa. Hakusalimia mtu. Aliingia moja kwa moja ndani, na mkewe akamfuata.

"Walitukamata nyuma ya Bafwasende," alisema alipokaa. "Walichukua kila kitu. Kijana wa kupakia mizigo alikataa kuvua viatu vyake. Wakamuua, Mama Masika. Juu ya viatu tu."

Akaufungua mkeka. Ndani yake kulikuwa na bunduki. Aliinunua njiani kwa mtu mmoja aliyetoroka jeshi, pamoja na risasi zake. Kitako kilikuwa na ufa, kwa hiyo Kataliko alikuwa amekizungushia mpira mwekundu wa baiskeli, akaukaza vizuri kama fundi.

"Hii kitu, katika nyumba ya batoto?" Kavugho alirudi nyuma hatua.

"Hii kitu njo baba na mama yako kuanzia leo. Polisi ukimuita, anakuomba kwanza mafuta ya pikipiki yake. Ukingoja afike, unafika wewe makaburini."

Kavugho alitaka kubishana, lakini aliitazama damu iliyokauka kichwani mwa mumewe, akaenda kusogeza magunia. Bunduki ikafichwa ndani ya depo, nyuma ya magunia ya maharagi, ikiwa na risasi tumboni. Walioijua walikuwa watu watatu tu: mume, mke, na Célestin, kitinda mimba wa kwao Kavugho. Huyu Célestin alikuwa kijana mkubwa sasa, mwenye ndevu. Mama yao alipofariki alikuwa bado ananyonya, na Kavugho ndiye aliyembeba mgongoni na kumlea. Sasa aliishi kwa dada yake na kulala katika depo. Kataliko alimfundisha kuifungua na kuifunga ile bunduki.

Mwanzoni Kavugho alikuwa hawezi kwenda kuchota maharagi bila kufanya ishara ya msalaba. Baadaye akazoea. Baadaye zaidi akaanza kulala usingizi mzuri kwa sababu yake. Hivyo ndivyo sumu inavyoingia, ndugu zangu: siku ya kwanza unaitema, siku ya pili unaiona ni dawa.

Miezi ilipita, kisha komini yetu, yaani serikali ya sehemu yetu ya mji, ikapiga mbiu. Bourgmestre, mkuu wa komini, alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye sauti ya mwalimu, Mama Pélagie. Aliwaita wananchi wote ukumbini, mbele ya washauri wa komini, akaeleza anachotaka. Bunduki zilikuwa zimeenea mitaani, alisema, nyingine zimelala majumbani tangu vita vya zamani. Alitaka washauri wapige kura kuunga mkono sheria kali zaidi, na ombi lao lipelekwe kwenye bunge la jimbo, na kutoka huko Kinshasa. Kila bunduki iandikishwe. Asiye na ruhusa airudishe katika muda utakaowekwa, bila kuulizwa aliitoa wapi. Mwindaji mwenye ruhusa aifungie sandukuni, na risasi azitenge. Na yeyote atakayepotelewa na bunduki aseme mara moja.

"Mwenye anasema mapema, asifungwe," Mama Pélagie alisisitiza. "Mwenye anaficha, huyo ajibu. Na sisi komini hatutangoja Kinshasa. Kesho tu tunaweza kufungua chumba hapa cha kupokea silaha."

Aziza alisimama wa kwanza kuunga mkono. Hakuzoea kusema mbele za watu, mikono yake ilikuwa inasokota mtandio. "Mimi nilikuwa mutoto wakati majeshi ya wageni yalipigana hapa vita ya siku sita," alisema. "Tulilala chini ya kitanda. Vita ilikwisha, lakini bunduki hazikurudi kwenye zilitoka. Kaka yangu mumoja aliuawa wakati amani imesharudi, na mulevi mwenye aliokota bunduki. Ni hayo tu." Akaketi.

Ndipo Kavugho akainuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya soko, na aliposimama watu waligeuka.

"Mama bourgmestre, washauri, mbote kwenu. Kule kwetu batu banachinjwa na shoka. Serikali inafika kesho yake na karatasi ya kuandika majina ya batu benye bamekufa. Leo munasema mwenye bunduki akuje aandike jina. Bon. Na mwizi naye atakuja kuandika? Ataifungia yake mu sanduku, atenge masasi? Munataka kufunga mikono ya mutu wa haki, mwizi abaki na mikono wazi!"

Ukumbi ulilipuka. Wafanyabiashara walipiga makofi, wengine walipiga miguu chini. Mama Pélagie alingoja mpaka kelele zikatulia.

"Mama, hiyo bunduki ya mwizi inatoka wapi? Haioti mu pori kama majani ya fumbwa. Inatoka mu nyumba ya mutu wa haki."

"Labda nyumba zenu, si zetu!" Kavugho akajibu, na watu wakacheka, wakampigia makofi tena.

Washauri waliwatazama wananchi, wakahesabu kura vichwani mwao. Mmoja alisema jambo hili ni nyeti. Mwingine akasema lisogezwe mpaka wakati unaofaa. Likasogezwa. Wakati unaofaa, ndugu zangu! Nani amewahi kuuona ukija kwa miguu yake?

Njiani kurudi Aziza hakumnunia Kavugho. Walitembea pamoja kama kawaida, wakinunua mboga ya ngai-ngai kwa mama mmoja wa kando ya njia. "Uko na kinywa, Mama Masika," alisema tu. "Mungu alikupa." Kavugho aliona haya kidogo, kisha haya ikaisha.

Mvua kubwa zilipoanza, maji yalipenya depo, na ikabidi magunia yasogezwe yaanikwe. Kataliko na mkewe walivuta gunia la mwisho, wakatazama ukuta mtupu. Walivuta na mengine yaliyobaki upande wa pili, wakijua kabisa hawataona kitu. Kufuli ya mlango ilikuwa nzima. Célestin hakuwepo tangu asubuhi. Aliporudi amevaa viatu vipya vyeupe, aliapa kwa jina la mama yao marehemu kwamba hajui.

Usiku wa moyo ulimwingia Kavugho mchana kweupe. "Twende kwa Mama Pélagie," alimwambia mumewe. "Tuseme imepotea. Alisema mwenye anasema mapema hafungwi."

"Alisema! Sheria yenyewe ulikataa wewe, sasa inakulinda na nini? Utasema tulikuwa na bunduki bila ruhusa? Wewe, mwenye ukumbi wote ulikupigia makofi?" Kataliko alishusha sauti. "Na ukisema, watamushika Célestin wa kwanza. Utabeba hiyo?"

Maneno hayo mawili yaliufunga mdomo wa Kavugho: aibu na ndugu. Ule mlango ambao Mama Pélagie alitaka kuufungua, yeye mwenyewe ndiye aliyesaidia kuupiga komeo, na sasa alikuwa amesimama upande wa nje.

Haukupita muda, ujambazi ukazidi. Mbadilisha fedha alinyang'anywa karibu na soko. Ramla, mjane wa kuuza vitenge, alivamiwa saa za jioni watu wakiwa wanapita, akawekewa bunduki shingoni. Aziza ndiye aliyeleta habari hizo barazani, huku akipepeta unga. "Wanasema ni vijana wadogo," alisema. "Yunus namukataza kwenda musikiti alfajiri, hasikii. Anasema Mungu hamuiti mutu halafu amuache njiani."

Kavugho aliacha mzani wake, akaenda kumtafuta Célestin. Alimkuta jikoni anakula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki.

"Niambie ukweli. Mimi njo nilikubeba."

Célestin alitafuna polepole, kisha akasukuma sahani. "Yaya, dada yangu, usipige kelele. Haikuibiwa. Niliazimisha."

"Uliazimisha?"

"Kuna batu. Wananipa kitu kidogo. Wanaogopesha nayo tu, hawapigi mutu. Watarudisha."

Alimpiga kofi. Akampiga la pili. Kijana mwenye ndevu akalia kama mtoto, akamshika dada yake magoti, akaapa kwamba Jumapili itakuwa imerudi nyuma ya maharagi. Naye Kavugho, kwa sababu alikuwa amechoka kuogopa, akaamini. Alimrudishia sahani yake akamwambia amalize chakula.

Hapa, ndugu msomaji, weka kidole chako. Kabla ya saa hiyo ungeweza kumtetea. Ungesema hakujua, alidhani, alishuku. Baada ya saa hiyo alijua. Alijua bunduki yake iko mikononi mwa nani, inafanya nini, na inatembea mitaa gani. Alijua pia ni nani anayepita mitaa hiyo alfajiri. Angetembea kidogo tu hadi komini. Hakutembea. Jumapili ilifika, alikwenda misa, akarudi, akatazama nyuma ya magunia. Akajiambia labda kesho.

Yunus aliuawa siku chache baadaye, kabla jua halijatoka. Alikuwa akienda msikitini na Zakaria, kaka mwingine wa Aziza, ambaye alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka Lubunga. Vijana wawili waliwatokea penye kona ya bomba la maji na kuwaamuru watoe simu. Yunus alitoa. Alitoa na saa yake bila kuombwa. Aliwaambia, "Chukueni, batoto yangu, muende salama." Kijana aliyeshika bunduki akanyosha mkono kuipokea saa, kidole cha mkono mwingine kikiwa bado kwenye kifyatulio. Ikalia. Zakaria alisema baadaye kwamba hata yule kijana alishtuka, akaitazama bunduki kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe, kisha wakakimbia.

Aziza alikuwa anakanda unga. Aliusikia mlio ule, akaendelea kukanda, akimwombea huyo maskini aliyepigwa, hakujua ni nani. Kavugho naye aliusikia akiwa kitandani. Yeye hakuomba. Alijifunika shuka mpaka kichwani.

Walipomleta Yunus, mtaa mzima ulitoka. Alizikwa siku ileile, kama desturi ya dini yake. Kavugho alileta gunia la maharagi na gunia la mchele matangani, akavaa kanga, akakaa chini mkekani na wanawake wengine. Aziza alikuja akaweka kichwa chake mapajani mwake. "Mama Masika, usiniache," alisema. "Wewe njo ndugu yangu hapa."

Na wakati kichwa kile kiko mapajani, upande wa wanaume Zakaria alikuwa anawaeleza watu. Sauti yake ilipita juu ya ukuta wa turubai bila kizuizi.

"Niliiona sawasawa. Ilikuwa karibu na tumbo yangu. Kitako yake imefungwa na mupira ya velo, mwekundu. Mutu aliifunga muzuri, kama fundi."

Mkono wa Kavugho, uliokuwa ukimpapasa Aziza nywele, ukasimama. Aziza hakuuliza kwa nini. Alidhani ni huzuni.

Jioni ile Célestin hakuonekana. Alikuwa amebeba mfuko wake na kushuka mto. Kataliko alimvuta mkewe ndani ya depo, akafunga mlango. "Nyamaza. Nasema kwa ajili ya batoto. Mufu hafufuki. Tutawasaidia, tutamulipia Nadia masomo, tutafanya kila kitu. Lakini nyamaza."

Alinyamaza. Kila siku alipeleka chakula upande wa pili wa ukuta. Aziza alikuwa ameingia eda, hatoki nje ya parseli, kiwanja cha nyumba yake, na Kavugho ndiye aliyekuwa miguu yake: kumwendea sokoni, kumsindikiza Nadia shule. Watu walimsifu. Mwanamke mmoja wa shirika lake kanisani alisema, "Huyu Mnande anawafundisha Wakristo upendo." Kila sifa iliingia mwilini mwake kama mwiba wa samaki, haumezeki wala hautoki. Alikonda. Masika aliuliza kwa nini mama anaongea peke yake akipima maharagi.

Mama Pélagie naye hakulala. Baada ya msiba ule aliita tena mkutano, jambo lilelile, ombi lilelile. Safari hii alikwenda mwenyewe kwa Aziza kumwomba aje aseme mbele ya washauri. Aziza hakuweza, kwa sababu ya eda. Bourgmestre alipoondoka, Aziza akamwita Kavugho.

Alimkuta ameketi juu ya mkeka, amevaa nyeupe. Cherehani ya Yunus ilikuwa imefunikwa shuka kwenye pembe.

"Mama Masika, wewe uko na kinywa," alisema. "Juzi ulisema kinyume, sikukukasirikia, kila mutu na mawazo yake. Lakini sasa umeona. Nenda useme kwa niaba yangu. Useme, mimi mujane wa Yunus naomba washauri bakubali. Ukisema wewe, watasikia."

Kavugho alifungua mdomo akubali. Yalikuwa maneno mepesi tu: ndiyo, dada, nitakwenda. Hayakutoka. Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Ile bunduki ilitoka kwangu."

Aziza hakuelewa. Alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi imalizike.

"Mupira mwekundu, bwana yangu njo aliufunga. Ilikuwa kwetu, mu depo, nyuma ya maharagi. Célestin aliitoa, akaazimisha batu."

Nje Nadia na Masika walikuwa wanaruka kamba, wakihesabu kwa Kifaransa.

"Ulijua wakati gani?" Aziza akauliza, polepole. "Nyuma ya kifo, wakati ulisikia Zakaria?"

Kavugho angeweza kusema ndiyo. Kataliko angetaka aseme ndiyo. Hakuna mtu duniani angejua.

"Mbele," alisema. "Nilijua mbele ya kifo chake. Célestin aliniambia. Sikusema kitu."

"Mbele," Aziza alirudia. Alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja kitu asichokijua. "Nilikuambia kwamba namukataza kwenda musikiti. Siku ile, napepeta unga. Ulikuwa tayari unajua?"

"Siku ile njo nilijua."

Kavugho alijitupa chini kumshika miguu. Aziza aliivuta miguu yake chini ya nguo. Hakulia, hakupiga kelele. "Nenda ukaseme vile vile kwa washauri," alisema. "Usipunguze. Ukirudi, usipite hapa."

Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko mara ya kwanza. Kavugho alipoinuka, baadhi ya wafanyabiashara walianza kupiga makofi, wakitarajia yale ya zamani. Aliinua mkono kuwazuia.

"Nilisimama hapa nikasema bunduki ya mwizi haitoki mu nyumba zetu," alianza. "Ilitoka mu yangu." Akaeleza yote, kuanzia mkeka mpaka Jumapili ile. Sauti yake ya soko ilikuwa imekwisha, ikabidi watu wainame mbele wamsikie. "Mama Pélagie alikuwa ananitafutia njia ya kusema bila kufungwa, na mimi nikaipigia kelele mpaka ikaanguka. Siombi huruma. Mujane wa Yunus, Mama Nadia, amenituma niwaambie mukubali. Mimi mwenyewe naongeza: msingoje kifo ikuje kwenye ukuta wenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamume mmoja nyuma alipaza sauti, "Muuaji!" na Mama Pélagie hakumnyamazisha. Washauri waliinua mikono, mmoja baada ya mwingine, mpaka aliyesema jambo ni nyeti naye akainua. Ombi likapita. Hata kabla wino wa karatasi haujakauka, polisi waliokuwa mlangoni wakamchukua Kavugho.

Ningependa kuwaambia kwamba haki ilipatikana na machozi yakafutika. Célestin alikamatwa Yanonge, amejificha kwa wavuvi, akiwa na vile viatu vyeupe. Aliwataja wenzake, na mmoja akapatikana. Bunduki yenyewe haikupatikana. Kila aliyeulizwa alisema aliipitisha kwa mwingine. Mpaka leo ninapoandika, inatembea. Kataliko alihukumiwa kifungo. Mkewe alipokwenda kumwona, alimgeuzia mgongo, akasema yeye hana mke, ana shahidi wa serikali. Kavugho alishikiliwa kwa muda, kisha akaachiwa kwa sababu alijileta mwenyewe na ana watoto. Depo ilifungwa. Masika aliulizwa shuleni kama ni kweli mama yake aliua baba wa Nadia, akagoma kurudi darasani, na hatimaye akapelekwa Butembo kwa shangazi, huko huko ambako wazazi wake walikukimbia.

Ombi la komini lilipokelewa jimboni. Linangoja zamu yake. Mama Pélagie halingoji. Alifungua chumba cha kupokea silaha na kupita avenyu kwa avenyu, na nyuma yake alitembea Kavugho, katika jua na katika matope, akisimama mlango kwa mlango kueleza yake. Kuna waliomwachia mbwa. Kuna waliomtemea mate. Kuna pia walioingia ndani wakatoka na kitu kilichozungushiwa gunia, wakakiweka chini bila kumtazama usoni.

Aziza alipomaliza eda alihamia Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa ndugu zake. Siku moja walikutana uso kwa uso penye pirogi, mitumbwi ya kuvukia mto. Kavugho alianguka magotini palepale kwenye mchanga, mbele za watu.

"Simama," Aziza alimwambia. "Nimekuachia kwa Mungu, sina deni na wewe. Lakini tukikutana, usinisalimie. Nikisikia sauti yako, nasikia tena ule mulio, na mikono yangu inakanda unga."

Akapanda pirogi. Kavugho alibaki kwenye mchanga mpaka pirogi ikafika ng'ambo. Tangu siku hiyo, akimwona Aziza kwa mbali sokoni, yeye ndiye anayebadili njia.

FUNDISHO

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Bunduki iliyofichwa ndani ya nyumba ni maradhi. Aliyeinunua kwa woga hatakuwa bwana wake siku zote. Itatoka kwa mkono wa ndugu, wa mtoto, wa mgeni, na ikishatoka haina jina la mwenyewe mpaka imwage damu.

Msiseme serikali ni mbovu, kwa hiyo sheria zote ni mbovu. Kavugho hakusema uongo kuhusu machungu ya kwao, na sote tunayajua. Lakini machungu si ruhusa ya kuweka mauti ya jirani nyuma ya magunia. Komini yenu ikisimama kutaka bunduki ziandikishwe, zifungiwe, na aliyepotelewa aseme bila woga, simameni nayo, na washauri mnaowachagua msiwaache wangoje wakati unaofaa. Na wewe ambaye leo unajua bunduki iko wapi, nawe unangoja Jumapili ipite, inuka. Yunus hakuuawa na risasi peke yake. Kimya cha rafiki wa mkewe kilitangulia, na risasi ikafuata njia ileile.